Repo ya pamoja kwenye seva ya ofisi: asubuhi inakubali, mchana inakataa `git push`

seva_ya_kona (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Tuna seva ndogo ya Ubuntu 22.04 ofisini, ipo kwenye LAN tu, haitoki nje. Juu yake kuna repo moja ya Git (hifadhi ya msimbo na historia yake) ya mfumo wa mauzo. Watumiaji ni watatu: asha, juma na neema. Kila mmoja ana akaunti yake kwenye seva na anaingia kwa ufunguo wa SSH, kwa hiyo suala la kuingia halina tatizo. Kukloni na kuvuta kunakubali kwa wote.

Shida ni kusukuma, yaani kupeleka mabadiliko kwenye seva. Mtu mmoja anasukuma vizuri, mwingine anapata hii:

```
remote: error: unable to write file ./objects/3f/9c...: Permission denied
To 192.168.1.10:/srv/git/mauzo.git
 ! [remote rejected] main -> main (unable to migrate objects to permanent storage)
error: failed to push some refs to '192.168.1.10:/srv/git/mauzo.git'
```

Kinachochanganya ni kwamba haimkatai mtu yule yule kila mara. Leo juma, kesho neema. Wakati mwingine mtu akifanya `git commit --amend` bila kubadilisha chochote halafu akasukuma tena, inapita! Nikipiga `chmod -R 777` kwenye folda nzima, siku hiyo wote wanasukuma. Kesho yake tatizo limerudi.

Repo ilitengenezwa kwa `git clone --bare` kutoka kwenye laptop, ikahamishiwa `/srv/git`. Kuna `cron` (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya `root` (msimamizi mkuu wa seva) inayofanya `git gc` (usafi wa repo) usiku. Diski ina nafasi ya kutosha, nimeangalia kwa `df -h` na `df -i`.

Nianzie wapi?

---

mpita_njia

Weka `chmod -R 777` kwenye `cron`, kila dakika tano. Imeisha hiyo.

---

Nahodha_Linux

Mkuu, ushauri wa hapo juu uache upite. `chmod` inarekebisha folda zilizopo saa hiyo. Folda itakayozaliwa dakika moja baadaye haihusiki nayo, na repo ya Git inazaa folda mpya kila wakati. Hapo ndipo tatizo lako lilipo.

Tupia matokeo ya hizi kwanza, tusibahatishe:

```
ls -ld /srv/git/mauzo.git /srv/git/mauzo.git/objects /srv/git/mauzo.git/objects/3f
git config --file /srv/git/mauzo.git/config --get core.sharedRepository
git config --system --get-all safe.directory
id asha; id juma; id neema
```

---

seva_ya_kona

Haya hapa mkuu. Nimekata tarehe.

```
drwxrwxrwx  7 root root 4096 /srv/git/mauzo.git
drwxrwxrwx 41 root root 4096 /srv/git/mauzo.git/objects
drwxrwxr-x  2 asha asha 4096 /srv/git/mauzo.git/objects/3f
```

Amri ya pili haijarudisha kitu. Ya tatu imerudisha `*`. Kwenye `id`, kila mtu yuko kwenye kikundi chake mwenyewe tu: asha kwenye asha, juma kwenye juma, neema kwenye neema.

---

Nahodha_Linux

Safi, picha imekamilika. Angalia mstari wa tatu: `drwxrwxr-x asha asha`. Ukiutazama haraka unaona kikundi kina `w`, unadhani mambo yako sawa. Lakini kikundi chenyewe ni `asha`, na ndani yake yuko asha peke yake. Ubuntu humpa kila mtumiaji kikundi chenye jina lake, kisha huweka `umask` (ruhusa zinazoondolewa kwenye kila kinachoundwa) ya 002 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa juma na neema folda hiyo ni `r-x`: wanasoma, hawaandiki.

Sasa kwa nini ni leo huyu, kesho yule. Git huhifadhi kila objekti (faili, mti wa folda au komiti, yaani badiliko lililorekodiwa) kwa hashi yake (alama ndefu inayotokana na yaliyomo), na herufi mbili za mwanzo za hashi ndizo jina la folda. Kwa hiyo chini ya `objects` kunaweza kuwa na folda 256, kuanzia `00` hadi `ff`. Folda haiundwi mpaka ipatikane objekti ya kwanza inayoihitaji, na anayeisababisha ndiye anayekuwa mmiliki wake. Asha alikuwa wa kwanza kusukuma objekti inayoanza na `3f`, basi `3f` ni yake. Juma akija na komiti ambayo hashi zake zimeangukia `a1`, `07` na `c4`, na hizo ni zake au hazijakuwepo, anapita. Siku hashi moja ikiangukia `3f`, anakataliwa yeye na mzigo wake wote.

Hiyo inajibu pia suala la `--amend`. Komiti hubeba muda iliofanyika, kwa hiyo ukiirudia hata bila kubadilisha herufi, hashi yake inakuwa nyingine na inaenda kwenye folda nyingine. Ikiwa iliyokwama ni komiti yenyewe, unaweza kupita kwa bahati. Ikiwa ni faili au mti wa folda, hashi haibadiliki na utaendelea kukwama hapo hapo.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Ukisukuma mzigo mkubwa inapita, ukisukuma mstari mmoja inakataa, na mtu anaanza kushuku mtandao. Sababu ni `receive.unpackLimit`. Thamani yake ya kawaida ni 100: zikija objekti chache kuliko hizo, seva inazifungua moja moja na kuzisambaza kwenye zile folda 256. Zikifika 100 au zaidi, zinabaki zimefungwa pamoja kama faili la `pack` na kuwekwa `objects/pack`, folda moja tu, ambayo kwako bado ina 777. Kazi ndogo ndogo za kila siku ndizo zinazokumbana na ukuta.

---

bi_terminali

Nahodha kaeleza vizuri, niongeze kwa nini inarudi kesho yake hasa, kwa sababu jibu liko kwenye hiyo `cron`.

`git gc` inakusanya objekti zilizotawanyika, inazifunga kwenye `pack`, kisha inafuta zile za awali. Folda ya herufi mbili ikibaki tupu, inaondolewa. Kwa hiyo usiku `root` anafagia zile folda ulizozipa 777 mchana, asubuhi wa kwanza kusukuma anaziunda upya kwa jina lake na kikundi chake. Ndiyo maana `chmod` yako inadumu siku moja.

`cron` hiyo iondoe. Seva inaendesha `git gc --auto` yenyewe baada ya kupokea mzigo, kwa sababu `receive.autogc` imewashwa tangu awali, na kazi inaanza pale objekti zilizotawanyika zinapokaribia 6700. Kwa repo ya watu watatu huna haja ya kuisaidia. Na ukitaka kuifanya kwa mkono, fanya kama mtumiaji wa kawaida aliye kwenye kikundi, usitumie `sudo`. Faili lolote ambalo `root` analiacha ndani ya repo ni deni la mtu mwingine.

Ile `safe.directory = *` nayo itoe. Tangu Git 2.35.2, Aprili 2022, Git inakataa kufanya kazi ndani ya repo inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, na ujumbe wake ni `detected dubious ownership in repository`. Ubuntu waliingiza kinga hiyo hata kwenye 2.34.1 ya 22.04. Sababu ni kwamba faili la `config` la repo linaweza kutaja programu za kuendeshwa, kwa hiyo ukiingia kwenye repo ya mtu usiyemwamini unaendesha programu zake bila kujua. Nyota inazima kinga hiyo kwa kila repo kwenye mashine, na kwa `root` pia. Taja repo yako moja tu:

```
sudo git config --system --unset-all safe.directory
sudo git config --system --add safe.directory /srv/git/mauzo.git
```

Lazima iwe `--system` au `--global`. Ukiiandika ndani ya `config` ya repo yenyewe Git haiisomi, na ni sahihi isiisome, maana repo haiwezi kujidhamini.

---

Nahodha_Linux

Asante dada. Sasa matengenezo. Mfuatano una maana, usiuvuruge. Waambie wenzako wasisukume kwa muda huo.

Kikundi kwanza:

```
sudo groupadd timu
sudo usermod -aG timu asha
sudo usermod -aG timu juma
sudo usermod -aG timu neema
```

Usisahau `-a`. Bila hiyo `usermod -G` inamtoa mtu kwenye vikundi vyake vingine vyote, ikiwemo `sudo`, na kama ni wewe mwenyewe utajifungia nje.

Kisha mpangilio wa repo. Natumia `--file` ili Git isianze kulalamikia umiliki:

```
R=/srv/git/mauzo.git
sudo git config --file $R/config core.sharedRepository group
sudo git config --file $R/config receive.denyNonFastForwards true
```

Mstari wa pili ni wa kuzuia mtu asifute historia ya wenzake kwa `--force`. `git init --shared` huuweka wenyewe, ila yako ilitokana na `git clone --bare` kwa hiyo huna. Git inapoandika `config` huunda faili jipya na kulibadilisha na la zamani, kwa hiyo sasa hivi faili hilo ni la `root`. Ndiyo maana hatua ya umiliki inakuja baadaye:

```
sudo chgrp -R timu $R
sudo find $R -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find $R -type f -exec chmod 660 {} +
sudo find $R/objects -type f -exec chmod 440 {} +
```

Wengi wataona kwenye mitandao `chmod -R g+rwX`. Kwako haifai. `X` kubwa inatoa ruhusa ya kuendesha kwa folda, na kwa faili ambalo tayari lina `x`. Baada ya 777 kila faili lako lina `x`, kwa hiyo utabaki na fujo ile ile. Bora kutenganisha folda na faili kama hapo juu.

Ile 2 ya mbele kwenye 2770 ndiyo moyo wa kazi yote. Ni alama ya setgid: kitu kinachoundwa ndani ya folda hiyo kinarithi kikundi cha folda, `timu`, badala ya kikundi cha aliyekiunda. Na folda ndogo inayozaliwa inarithi alama yenyewe pia. `core.sharedRepository` inafanya nusu nyingine: inaiambia Git itoe `w` kwa kikundi bila kujali `umask` ya mtu. Ukiweka setgid peke yake, mwenye `umask` 022 atazaa folda za `timu` zisizoandikika. Ukiweka `sharedRepository` peke yake juu ya folda zilizopo, hizo za zamani zinabaki na kikundi cha asha na juma, maana mpangilio huo haugusi kilichokwisha kuwepo.

440 kwenye objekti isikushtue. Objekti hazihaririwi kamwe, Git yenyewe huziunda za kusoma tu. Kufuta au kuhamisha faili kunahitaji ruhusa ya folda, na folda unayo.

Kama una skripti ya `hooks/post-receive` (huendeshwa seva ikishapokea mzigo) inayofanya kazi, mstari wa 660 umeiondolea `x`. Irudishie:

```
sudo chmod 770 $R/hooks/post-receive
```

Ikikosa `x`, seva haiiendeshi na mzigo unapokelewa kama kawaida, kwa hiyo unaweza kukaa wiki ukijiuliza kwa nini mfumo wa majaribio haujisasishi.

Mwisho, hakikisha. Amri zote mbili zisirudishe kitu:

```
sudo find $R -type d ! -perm -2070 -ls
sudo find $R ! -group timu -ls
```

Ziweke karibu. Siku tatizo likirudi, hizi mbili zitakuonyesha folda yenyewe na jina la mwenye nayo.

---

KamandaWaKibodi

Nitie neno hapo kwenye vikundi. Ukishamwongeza mtu kwenye `timu`, kikao chake kilichofunguliwa kabla hakijui habari hiyo. Vikundi husomwa wakati wa kuingia. Halafu kuna mtego: `id asha` inasoma orodha ya mfumo na itaonyesha `timu` papo hapo, wakati `id` tupu inaonyesha vikundi vya kikao kilichopo. Ya pili ndiyo ya kuamini, na uiendeshe kwa njia ile ile Git inayopita:

```
ssh asha@192.168.1.10 id
```

Kama mtu ana `ControlMaster` (kutumia tena muunganisho mmoja wa SSH) kwenye `~/.ssh/config` yake, hata akifunga terminali muunganisho wa zamani unaweza kuwa bado hai nyuma ya pazia, na Git itapita humo humo na vikundi vya zamani. Aukate kwa `ssh -O exit asha@192.168.1.10`.

---

kijana_wa_LAN

Kwa nini msitumie ACL (ruhusa za ziada kwa mtu au kikundi maalumu) tu? `setfacl -R -m g:timu:rwX` na ile ya `-d` kwa folda mpya, basi.

---

Nahodha_Linux

Inafanya kazi ndugu, sijaikataa. Ila hakuna anayeiona kwenye `ls -l` zaidi ya alama ya `+` mwishoni, na siku mtu akihamisha repo kwa `rsync -a` bila `-A`, ACL zote zinabaki nyuma kimya kimya. Kwa watu watatu wenye haki sawa, kikundi na setgid vinatosha. ACL ningeitumia pale ambapo kuna kikundi cha pili kinachotakiwa kusoma bila kuandika, mfano programu ya kuonyesha repo kwenye kivinjari.

---

seva_ya_kona

Nimefuata yote, amri mbili za mwisho hazirudishi kitu, na wote watatu wamesukuma mara kadhaa bila kukwama. Folda mpya zinatoka `drwxrwsr-x juma timu`. Ile `s` nimeiona.

Maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: neema peke yake alipata ujumbe tofauti kwenye tawi la `asha/ripoti`, kabla sijatengeneza:

```
cannot lock ref 'refs/heads/asha/ripoti': Unable to create '.../refs/heads/asha/ripoti.lock': Permission denied
```

La pili: mtu akikloni upya anapata `warning: remote HEAD refers to nonexistent ref, unable to checkout` na folda inakuwa tupu. Akifanya `git checkout main` inakaa sawa.

---

bi_terminali

La kwanza ni ugonjwa ule ule mahali pengine. Mkwaju kwenye jina la tawi unatengeneza folda halisi, `refs/heads/asha/`, nayo ilizaliwa na kikundi cha asha. Kwa kuwa `find` imepita repo nzima, imeshapona.

Ila jifunze kusoma mwisho wa mstari huo. `Permission denied` ni ruhusa. Ikiwa ni `File exists`, ruhusa haihusiki: kuna faili la `.lock` lililoachwa na mchakato uliokatika katikati, kwa mfano umeme ulipozima. Angalia kwa `ps aux | grep git` kama kuna mtu anasukuma wakati huo. Kama hakuna, lifute hilo `.lock` na uendelee. Usilifute kabla ya kuangalia.

La pili: `HEAD` ya seva (tawi linalofunguliwa mtu akikloni) inaelekeza `master`, wakati tawi lenu ni `main`. Kusukuma hakubadilishi `HEAD` ya seva, kwa hiyo itabaki hivyo mpaka uiambie. Ifanye kwa akaunti iliyo kwenye `timu`:

```
git -C /srv/git/mauzo.git symbolic-ref HEAD refs/heads/main
```

Repo ijayo usianze na `git clone --bare` ya laptop. Anza na iliyo tupu, kuanzia Git 2.28 unaweza kutaja tawi hapo hapo:

```
sudo install -d -g timu -m 2775 /srv/git
```

kisha, kama mtumiaji wa kawaida:

```
git init --bare --shared=group --initial-branch=main /srv/git/stoo.git
```

Hiyo `--shared=group` inaweka `sharedRepository`, setgid na `denyNonFastForwards` kwa mkupuo. Halafu kutoka kwenye laptop:

```
git remote add ofisi asha@192.168.1.10:/srv/git/stoo.git
git push ofisi --all
git push ofisi --tags
```

Watu hupenda `git push --mirror` hapa. Kutoka kwenye kloni ya kazi inabeba na `refs/remotes`, seva inajaa kumbukumbu za seva nyingine. Iache kwa kuhamisha seva kwenda seva.

Na mkwaju wa kwanza baada ya nukta pacha muuzingatie: `asha@192.168.1.10:stoo.git` bila mkwaju inatafuta ndani ya folda ya nyumbani ya asha, na jibu linakuwa `does not appear to be a git repository`.

---

kijana_wa_LAN

Si rahisi zaidi kuwa na akaunti moja inayoitwa `git`, funguo za wote ndani ya `authorized_keys`? Hakuna kikundi, hakuna setgid, hakuna kesi.

---

KamandaWaKibodi

Ni rahisi zaidi, na kama ningekuwa naanza leo ningeanza hivyo. Kila faili linakuwa la `git`, mjadala wa umiliki unaisha hapo. Kuna mambo matatu ya kuweka sawa lakini.

Mpe `git-shell` badala ya `bash`, ili ufunguo uweze kusukuma na kuvuta tu:

```
sudo chsh -s "$(command -v git-shell)" git
```

Ikilalamika, ongeza njia ya `git-shell` kwenye `/etc/shells` kwanza. Pia weka neno `restrict` na nafasi mwanzoni mwa kila mstari wa `authorized_keys`, linazuia kupitisha bandari na terminali.

Pili, folda ya nyumbani ya `git` isiandikike na kikundi. `sshd` ina `StrictModes`, na ikikuta nyumbani au `.ssh` inaandikika na wengine inaupuuza ufunguo bila kumwambia mteja. Mteja anaona `Permission denied (publickey)` tu. Sababu yenyewe iko kwenye seva, `/var/log/auth.log`, imeandikwa `bad ownership or modes`. Weka 700 kwa `.ssh` na 600 kwa `authorized_keys`. Ukiwa na ile tabia ya `chmod -R 777`, ukiielekeza kwenye folda ya nyumbani ndiyo umejifungia.

Tatu, hutajua nani kasukuma. Jina lililo kwenye komiti ni lile mtu aliloandika kwenye `user.name`, anaweza kuandika jina lako. Kwa akaunti tofauti kama za mkuu hapa, mmiliki wa faili la objekti anakupa fununu. Kwa akaunti moja inabidi utumie `command=` kwenye kila ufunguo, na hapo unakuwa unaijenga Gitolite (programu ya kusimamia ruhusa za repo) upya kwa mkono; bora uisakinishe yenyewe. Anayetaka kurasa za kivinjari na ukaguzi wa msimbo, Gitea inakaa kwenye seva ndogo bila shida, inakubali SQLite, na kwa kawaida inasikiliza bandari ya 3000. Nayo inatumia akaunti moja kwa ndani.

---

seva_ya_kona

Kamanda, tutabaki na akaunti tofauti kwa sasa. Umeme mmeutaja, na hapa unakatika sana, UPS haidumu. Kuna la kuogopa?

---

Nahodha_Linux

Lipo. Kwa mpangilio wa kawaida kwenye Linux, Git haisubiri objekti zilizotawanyika zifike kwenye diski kweli kweli kabla ya kusema imemaliza. Umeme ukikata sekunde chache baada ya mtu kusukuma, unaweza kukuta faili lipo, jina sahihi, ukubwa sifuri. Ujumbe wake ni `object file ... is empty`. Kuanzia Git 2.36 kuna dawa:

```
sudo git config --system core.fsync committed
```

Ubuntu 22.04 inakuja na 2.34, humo jina lake ni `core.fsyncObjectFiles true`. Kusukuma kunapungua kasi kidogo kwenye diski ya kuzunguka, kwenye SSD hutaona.

Kama limeshatokea, kwanza nakili repo nzima pembeni. Kisha tafuta na ufute faili tupu, ukiwa ndani ya repo:

```
find objects -type f -empty -print
find objects -type f -empty -delete
```

Sasa chukua kloni nzima ya mwenzenu aliyesukuma au kuvuta mwisho, na utoe objekti zake zote:

```
git rev-list --objects --all | git pack-objects --stdout > nzima.pack
```

Lihamishe faili hilo kwenye seva, na ndani ya repo:

```
git unpack-objects < /tmp/nzima.pack
git fsck --full
```

`unpack-objects` inaruka zilizopo na kuandika zinazokosekana tu. Ndiyo sababu zile tupu zilitakiwa kufutwa kwanza, zingehesabiwa kuwa zipo. `fsck` ikitoa `dangling` usijali, hizo ni objekti zisizoelekezwa na tawi lolote. `missing` na `broken link` ndizo za kushughulikia, tafuta kloni nyingine yenye hizo. Kusukuma upya kutoka kwenye laptop hakusaidii, kwa sababu laptop inaona tawi la seva liko pale pale na haitumi kitu.

Nakala ya akiba, kila usiku, kwa akaunti ya kawaida iliyo kwenye `timu`:

```
git -C /srv/git/mauzo.git bundle create /akiba/mauzo-$(date +\%F).bundle --all
```

Hiyo `\%` ni kwa ajili ya `crontab`, ambako `%` bila mkwaju wa nyuma (`\`) inahesabiwa kuwa mwisho wa mstari. Kwenye terminali andika `%F` tu. Folda ya `/akiba` iwe kwenye diski nyingine. Faili la `bundle` linakloniwa kama repo, `git clone mauzo-....bundle`, ila halibebi `config` wala `hooks`, hizo zinakili peke yake.